Pweza wa Las Palmas: fahamu ya mnyama mbele ya tathmini ya mazingira

Mwezi Machi 2023, shirika la utangazaji la BBC lilieleza yaliyokuwamo katika nyaraka ambazo kampuni ya Kihispania ya Nueva Pescanova ilikuwa imeziwasilisha kwa Serikali ya Visiwa vya Kanari, ikiomba kujenga shamba la kufugia pweza katika bandari ya Las Palmas. Nyaraka hizo zilipatikana kwa juhudi za Eurogroup for Animals, muungano wa mashirika ya Ulaya yanayotetea wanyama, na ndizo zilizowafumbua macho wananchi kuhusu ukubwa wa mradi wenyewe: jengo la ghorofa mbili, matangi yapatayo 1,000, mavuno ya tani 3,000 kwa mwaka, ambazo ni sawa na pweza milioni 1 hivi, na mtaji wa euro milioni 65. Humo humo mlikuwa na maelezo ya namna pweza hao watakavyoishi na kufa. Kila mita ya ujazo ya maji ingebeba pweza 10 hadi 15. Vifo vya asilimia 10 hadi 15 vilikwisha kutiwa katika hesabu. Taa zingewaka bila kuzimwa kwa vipindi fulani. Siku ya mavuno, pweza wangezamishwa wangali hai katika maji ya barafu yenye nyuzijoto 3 chini ya sifuri.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinakutanisha kazi mbili ambazo kwa kawaida kila moja hushika njia yake. Ya kwanza ni utafiti wa fahamu, yaani juhudi ya wanasayansi kujua ni viumbe gani vinavyohisi, vinavyoumia na vinavyoonja maisha yao kwa ndani. Ya pili ni utaratibu wa kisheria unaowapa wananchi nafasi ya kusema kabla mradi haujapewa kibali cha mazingira. Huko Las Palmas, watu wengi waliotaka kusema walikuwa na swali la kazi ya kwanza, lakini mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa kazi ya pili, na mlango huo haukutengenezwa kwa swali la aina hiyo.

Tuanze na swali lenyewe, kwa kuwa wako wanaoliona kuwa la hisia za huruma tu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ugumu wa utafiti wa fahamu umo humo: maumivu huyajua yule anayeumia, na mtazamaji wa nje hana pa kuyapimia isipokuwa katika mwili na mwenendo. Kwa binadamu tunasaidiwa na maneno. Kwa mbwa au ng'ombe tunasaidiwa na udugu wa kibiolojia, kwa kuwa ubongo wao umejengwa kwa ramani inayofanana na yetu. Kwa pweza vyote viwili vinakosekana. Ukoo wake na ukoo wetu vilitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ana seli za neva zipatazo milioni 500, na takribani theluthi mbili za seli hizo zimo mikononi, si kichwani. Mtu akisema kwamba mnyama wa namna hiyo ama anahisi ama hahisi, ana wajibu wa kutueleza amejuaje.

Njia ya kujua imepatikana kwa uvumilivu wa maabara. Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa pweza wadogo. Kila pweza alipewa vyumba viwili vyenye mapambo tofauti, akaachwa achague alichokipenda. Kisha wengine walidungwa asidi asetiki mkononi, wengine maji ya chumvi yasiyodhuru, wakafungiwa katika chumba kile kile walichokuwa wamekipenda. Waliodungwa maji ya chumvi hawakubadili mapenzi yao. Waliodungwa asidi walikikimbia chumba chao. Pale mtafiti alipowapa lidokaini, dawa ya ganzi, katika chumba kingine, walianza kukipendelea chumba hicho kilichowapa nafuu, ilhali pweza wasiokuwa na jeraha hawakukijali. Kuna jambo jingine ambalo halinitoki akilini: pweza waliodungwa asidi waliinama juu ya pale walipochomwa, wakapachokoa kwa mdomo wao wa kasuku mpaka ngozi ya sehemu hiyo ndogo ikatoka.

Mtu anaweza kusema kwamba hata mashine hujiondoa kwenye moto. Ni kweli, na mkono wa binadamu pia hujivuta kabla mwenyewe hajajua kimetokea nini. Lakini tunachokiona hapa kinapita kushtuka. Mnyama amekumbuka mahali, ameuhusisha mahali hapo na hali iliyompata, amebadili chaguo lake la awali, na amethamini dawa kwa sababu tu ana jeraha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoithibitisha fahamu kwa namna hesabu inavyothibitishwa. Vyote kwa pamoja ni ushahidi wa aina ile ile tunaoutegemea tunapomwambia daktari wa mifugo ampunguzie maumivu punda aliyevunjika mguu.

Novemba 2021 kundi la watafiti wa London School of Economics, likiongozwa na mwanafalsafa Jonathan Birch, lilitoa ripoti iliyoombwa na serikali ya Uingereza. Walipitia machapisho zaidi ya 300 ya kisayansi, wakayapima kwa vigezo 8, kuanzia kuwapo kwa vipokezi vya madhara mwilini hadi mnyama kuithamini dawa ya maumivu anapokuwa amejeruhiwa. Ushahidi kuhusu pweza waliuweka katika daraja lao la juu kabisa. Waliandika pia kwamba wameridhika kuwa ufugaji wa pweza wenye hali njema kwa mnyama hauwezekani, na kwamba hakuna njia ya kuwaua kwa wingi ambayo ingeweza kuitwa ya huruma. Aprili 2022 Uingereza ikapitisha sheria inayowatambua pweza, ngisi, kaa na jamaa zao kuwa wanyama wenye uwezo wa kuhisi. Kabla ya hapo, Julai 2012, wanasayansi wa neva waliokutana Cambridge walikuwa wamemtaja pweza katika tamko lao kuhusu fahamu ya wanyama. Na Aprili 2024 Tamko la New York, lililotiwa saini na wanasayansi na wanafalsafa, likasema kwamba panapokuwa na uwezekano wa kweli kwamba mnyama ana fahamu, si uwajibikaji kuupuuza uwezekano huo katika maamuzi yanayomhusu.

Kwa hiyo, mradi ulipofika mezani, sayansi ilikwisha kusema neno zito. Sheria ndiyo iliyokuwa imebaki nyuma, tena kwa namna inayoshangaza. Chini ya agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 kuhusu wanyama wa utafiti, pweza aliyemo maabara analindwa: mtafiti anahitaji idhini, anatakiwa kupunguza maumivu, na anatakiwa kueleza kwa nini hawezi kufanya kazi yake bila mnyama huyo. Agizo la mwaka 1998 kuhusu wanyama wanaofugwa mashambani, kwa upande wake, linatamka kwamba haliwahusu wanyama wasio na uti wa mgongo, na kanuni ya mwaka 2009 kuhusu uchinjaji inawahesabu wale tu wenye uti wa mgongo. Pweza yule yule, akitolewa kwenye tangi la maabara na kutiwa kwenye tangi la shamba, anavuliwa ulinzi wote, ingawa neva zake ni zile zile na maumivu yake, kama yapo, ni yale yale.

Pengo hilo ndilo lililoutupa mzigo wote kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Nchini Uhispania tathmini hiyo inaongozwa na Sheria Na. 21 ya mwaka 2013, yenye njia mbili. Njia ya mkato ni ya miradi inayodhaniwa kuwa na athari ndogo. Ndani yake mamlaka huziuliza taasisi zinazohusika na watu wenye maslahi, kisha huamua kama njia hiyo yatosha au la. Njia ya kawaida ni ndefu zaidi: mwekezaji huandaa taarifa kamili ya athari, na taarifa hiyo hutangazwa kwa umma kwa muda usiopungua siku 30 za kazi, ili mtu yeyote aisome na kutoa maoni. Mradi wa pweza uliingia kwa njia ya mkato. Mwaka 2023 Serikali ya Visiwa vya Kanari ikakataa kuuacha upite huko, kwa kuwa haikuweza kuiondoa hofu ya athari kubwa, ikaamuru uende kwa njia ya kawaida.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ucheleweshaji wa kiofisi. Mimi nauona kuwa hatua yenye uzito kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu uliligeuza jambo la mwekezaji na ofisi kuwa jambo la umma. Mkataba wa Aarhus, uliotiwa saini Juni 1998 na ambao Uhispania imeutekeleza kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 2006, unasimama juu ya haki tatu: kupata taarifa, kushiriki katika maamuzi, na kufika mahakamani. Ibara yake ya 6 inataka umma ushirikishwe mapema, wakati ambapo njia zote bado ziko wazi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake. Wananchi wanapoitwa baada ya zege kumwagwa, wanachoweza kufanya ni kujadili rangi ya ukuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Katika kisa hiki, haki ya kupata taarifa ndiyo iliyotangulia, na bila zile nyaraka za Machi 2023 sidhani kama swali la maji ya barafu lingeulizwa na mtu yeyote nje ya ofisi za wahusika.

Hata hivyo, mlango kufunguka si sawa na swali kupokelewa. Taarifa ya athari, kwa mujibu wa sheria za Umoja wa Ulaya na za Uhispania, hutakiwa kueleza mradi utakavyowagusa watu na afya zao, mimea, wanyama, bayoanuwai, udongo, maji, hewa, tabianchi, mandhari, mali na urithi wa utamaduni. Neno "wanyama" limo, lakini katika mazoea ya tathmini hueleweka kuwa ni wanyamapori wanaolizunguka eneo la mradi. Pweza wa tangini huhesabiwa kuwa bidhaa ya mradi. Kinyesi chake ni athari, kwa kuwa kinabeba naitrojeni na fosfeti hadi baharini. Chakula chake ni athari, kwa kuwa yeye ni mla nyama na hulishwa samaki waliovuliwa kwingine. Yeye mwenyewe si athari. Mpinzani mwenye busara ya kisheria hujikuta akilazimika kuihamisha hoja yake. Ana uchungu kuhusu mnyama mpweke anayesongamanishwa na wenzake kumi na nne katika maji yasiyotosha, lakini anaandika ukurasa mzima kuhusu miligramu za naitrojeni kwa lita, kwa sababu anajua kwamba hizo zina kisanduku katika fomu.

Uhamishaji huo una gharama. Mhandisi anaweza kufunga mtambo bora wa kuchuja maji, hoja ya naitrojeni ikafa siku hiyo hiyo, na mradi ukapita ukiwa haujajibu hata neno moja kuhusu kilichowaleta watu. Wananchi nao hujifunza kwamba ushirikishwaji ni mchezo wa kubahatisha maneno yanayokubalika. Mwekezaji pia anadhulumiwa, jambo ambalo wapinzani wengi hawalisemi, kwa sababu anajibu hoja zilizoandikwa kwa nia njema, kisha anaambiwa na umma kwamba hajajibu chochote. Hajui ni ushahidi gani hasa angetakiwa kuuleta ili aaminiwe.

Kampuni nayo ilikuwa na la kusema, na haki inadai lisikilizwe kwa ukamilifu. Mwaka 2019 ilitangaza kwamba imefanikiwa kuukamilisha mzunguko wa maisha wa pweza kifungoni, kazi iliyoanzia kwenye utafiti wa Taasisi ya Uhispania ya Bahari na iliyowashinda wengi kwa miongo kadhaa, kwa kuwa viluwiluwi vya pweza hufa kwa wingi sana. Pweza jike wa kizazi hicho alipewa jina, Lourditas. Kampuni ilisema kwamba pweza wa porini wanavuliwa kupita kiasi, kwamba ufugaji utaipunguzia bahari mzigo, kwamba chakula kinaweza kutokana na mabaki ya samaki waliokwisha kuvuliwa, na kwamba mradi utaleta ajira. Hoja yenye nguvu zaidi kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayouliza: je, pweza anayenaswa baharini hafi kwa mateso? Hufa. Hupigwa rungu, hugeuzwa kichwa nje ndani, au huachwa akikosa hewa ndani ya wavu. Anayempinga mfugaji bila kuyataja hayo hajakamilisha hesabu yake.

Hata hivyo tofauti ipo. Uvuvi humkatizia mnyama maisha aliyoyaishi kwa hiari yake. Ufugaji humtengenezea maisha yote, kuanzia yai hadi barafu, katika mazingira yanayopingana na maumbile yake. Pweza wa kawaida ni mkaa peke yake. Akikutana na mwenzake mdogo anaweza kumla. Huchimbua, hujificha, huchunguza kila kilicho mbele yake, na mwanga mkali humkera. Kumweka katika msongamano chini ya taa zisizozimwa ni kuamua kila saa ya uhai wake, na anayeamua kila saa anabeba jukumu zito kuliko yule anayeamua dakika ya mwisho. Ama ule unafuu kwa bahari, huo unaweza kupimwa, na ndiyo sababu unafaa kuwamo katika tathmini: je, mavuno ya shamba yatachukua nafasi ya pweza wa porini sokoni, au yataongeza walaji na kuviacha vyombo vya uvuvi baharini kama vilivyo?

Maswali haya yanatuleta kwenye mgawanyo wa kazi, na hapa ndipo naona mijadala mingi ya aina hii ikikwama. Upande mmoja hudai kwamba wataalamu waamue, kwa kuwa fahamu ni jambo la kisayansi. Upande mwingine hudai kwamba wananchi waamue, kwa kuwa ni jambo la maadili. Birch mwenyewe amependekeza njia ninayoiona kuwa ya haki. Wataalamu wanaulizwa swali moja: je, upo ushahidi wa kutosha wa kumchukulia mnyama huyu kuwa huenda anahisi, kiasi kwamba kumpuuza ni uzembe? Wakisema ndiyo, wanakaa. Swali la pili, kwamba ni hatua gani za tahadhari zinazolingana na hatari hiyo, wanapewa wananchi waliochaguliwa kwa bahati nasibu ili wafanane na jamii yao, wakaelezwa ushahidi, wakamsikia mfugaji, mvuvi na mtafiti, wakajadiliana mpaka wafikie pendekezo. Mwanasayansi hana cheti kinachomwezesha kuamua kwa niaba ya wote kwamba ajira kadhaa zinatosha kuhalalisha mateso ya aina fulani. Mwananchi naye hana maabara.

Jambo hili halihitaji falsafa mpya ya sheria. Tamko la Rio la mwaka 1992 linabeba yote mawili katika karatasi moja: Kanuni ya 10 inasema masuala ya mazingira hushughulikiwa vyema kwa ushiriki wa raia wote wanaohusika, na Kanuni ya 15 inasema ukosefu wa uhakika kamili wa kisayansi usiwe kisingizio cha kuahirisha hatua za kuzuia madhara makubwa. Kanuni ya 15 iliandikwa kwa ajili ya mazingira, na sidai kwamba waandishi wake walimfikiria pweza. Nadai tu kwamba namna yake ya kufikiri inafaa mahali ambapo uhakika kamili hautapatikana kamwe, na fahamu ya kiumbe mwingine ni mahali pa namna hiyo.

Nchini Marekani njia nyingine ilishikwa. Machi 2024 jimbo la Washington lilipiga marufuku ufugaji wa pweza, na Septemba mwaka huo huo jimbo la California likafuata, likikataza pia kuuza pweza aliyefugwa. Mabunge hayo yaliamua bila kusubiri mradi mmoja mmoja upitishwe kwenye tathmini. Nawaunga mkono, nikijua kwamba kazi yao ilikuwa nyepesi: ni rahisi kuufunga mlango ambao hakuna mwekezaji aliyekwisha kuutilia mamilioni. Kwenye visiwa vya Kanari bandari ilikwisha kutajwa, fedha zilikwisha kutumika katika utafiti, na neno ajira lilikwisha kuwafikia watu. Katika hali kama hiyo sheria ya jumla ikichelewa, tathmini ya mradi ndicho chombo pekee kilichobaki mkononi mwa raia.

Chombo hicho kinaweza kunolewa bila kuvunjwa. Mahali pa kuanzia ni hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ambayo mamlaka humwagiza mwekezaji ayachunguze kabla hajaandika taarifa yake. Hatua hiyo hupita kimya kimya, wananchi wengi hawaijui, na kinachoachwa nje ya hadidu za rejea huwa kigumu sana kurudishwa baadaye. Kwa mradi kama wa Las Palmas ningetaka hadidu hizo ziseme waziwazi: mwekezaji aeleze ushahidi uliopo kuhusu uwezo wa pweza kuhisi, aeleze ni kwa kipimo gani alifikia pweza 10 hadi 15 kwa mita ya ujazo, aeleze vile vifo vya asilimia 10 hadi 15 vinatokana na nini, kwa kuwa mnyama anayeliwa na mwenzake na mnyama anayekufa kwa maradhi hawahesabiki kwa sababu moja, na aeleze pweza huchukua dakika ngapi kupoteza fahamu ndani ya maji ya barafu, na amepimaje. Asipoweza kulijibu hili la mwisho, aandike kwamba hawezi.

Kisha siku 30 za kazi zianze kuhesabiwa, watu wayasome majibu hayo na kuandika yao. Mkataba wa Aarhus unaitaka mamlaka izingatie ipasavyo matokeo ya ushiriki wa umma, na inapotoa uamuzi, iutangaze pamoja na sababu zake. Mwananchi aliyeuliza kuhusu barafu atakuwa na haki ya kuufungua uamuzi huo na kutafuta ndani yake neno barafu. Asipoliona, anayo haki ya tatu, ile ya kufika mahakamani.